Fumbo lisilokaguliwa linamdhulumu msomaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie mafumbo ya mantiki yanayotungwa na kusambazwa mtandaoni: yale ya nani kavaa rangi gani, ya wakweli na waongo, ya kupima sarafu, sudoku na jamii yake yote. Wasomaji wanayapenda, na kila uchao wanajitokeza watunzi wapya. Hilo linafurahisha. Linalouma ni kwamba mengi yanatolewa yakiwa mabichi. Msomaji anatoa nusu saa yake, anafika mahali ambapo majibu mawili yote yanakubalika, anajiona hana akili, anaacha. Akili anayo. Fumbo ndilo bovu.

Anayechapisha fumbo la mantiki anamwahidi msomaji mambo mawili: kwamba jibu ni moja tu, na kwamba kila kinachohitajika ili kulifikia kimo ndani ya maelezo. Mambo hayo mawili yanakaguliwa kabla ya kuchapisha, mara nyingi kwa penseli na karatasi tu, na ndiyo maana sioni udhuru wa kutoyakagua.

Tuanze kwa kuweka kando yale yanayojiita mafumbo ya mantiki ilhali siyo. Chukua ule mfululizo wa namba unaoulizwa "inayofuata ni ipi?" Mtu akiandikiwa 1, 2, 4, 8, 16, karibu kila mmoja atajibu 32. Lakini chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, kisha hesabu vipande vingi kabisa unavyoweza kupata ndani ya duara. Nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 zinatoa 2, nukta 3 zinatoa 4, nukta 4 zinatoa 8, nukta 5 zinatoa 16, na nukta 6 zinatoa 31. Kwa hiyo 31 ni jibu halali sawa na 32. Mtunzi asipotoa kanuni, anachomuuliza msomaji ni "unadhani mimi nilikuwa nawaza nini?", na swali hilo mantiki haiwezi kulijibu. Ndivyo ilivyokuwa kwa 8 ÷ 2(2 + 2), iliyozua ubishi mkubwa mitandaoni mwaka 2019. Wengine walipata 16, wengine 1, na chanzo chote ni uandishi usiosema kama ile 2 iliyobandikwa kwenye mabano ihesabiwe kwanza au la. Jozi moja ya mabano ingemaliza kesi. Na zile hesabu za picha za matunda, ambapo kwenye mstari wa mwisho kichane cha ndizi kimepunguzwa ndizi moja kimyakimya, zinapima macho na ukubwa wa skrini kuliko zinavyopima hoja.

Sasa fumbo lenyewe. Mtunzi mzuri huanzia mwisho: huandika jibu kwanza, kisha hutafuta vidokezo vitakavyomlazimisha msomaji kulifikia. Hapo ndipo mtego ulipo, maana anayelijua jibu huliona kila mahali, hata pale ambapo vidokezo vyake havijalisema. Nitaonyesha kwa fumbo dogo.

Wakimbiaji wanne, Asha, Bakari, Chiku na Daudi, walimaliza mbio, na hakuna wawili waliofika pamoja. Kila mmoja alivaa fulana ya rangi yake: nyekundu, kijani, bluu au njano. Jibu ambalo mtunzi ameliandika pembeni ni hili: Bakari wa kwanza akiwa na kijani, Asha wa pili na nyekundu, Daudi wa tatu na bluu, Chiku wa nne na njano. Majina yana mipangilio 24 ya kufika, rangi nazo zina mipangilio 24, kwa hiyo jumla ni 24 × 24, yaani 576. Kazi ya vidokezo ni kufuta 575. Rasimu ya kwanza ina vitatu:

Cha 1: Asha alifika akimfuata Bakari, na hakuna aliyefika kati yao.
Cha 2: Chiku hakuwa wa kwanza.
Cha 3: Daudi alivaa bluu, alifika baada ya mwenye nyekundu na kabla ya mwenye njano.

Tukague. Cha 1 na cha 2 vinabakisha mipangilio 4 ya majina: Bakari, Asha, Chiku, Daudi, au Bakari, Asha, Daudi, Chiku, au Daudi, Bakari, Asha, Chiku, au Daudi, Chiku, Bakari, Asha. Cha 3 kinamzuia Daudi asiwe wa kwanza wala wa mwisho, hivyo unabaki ule wa pili peke yake. Daudi ana bluu, njano iko nyuma yake, basi njano ni ya Chiku. Hapo mtunzi anafurahi, kwa kuwa kila alichokipata kinalingana na jibu lake la pembeni. Lakini ni kidokezo gani kilichosema kijani ni ya Bakari? Hakuna. Mvalishe Bakari nyekundu na Asha kijani, vidokezo vyote vitatu vinatimia vilevile. Majibu ni 2, na nusu ya wasomaji wataambiwa wamekosa.

Tiba ya haraka ni kuongeza cha 4: "Mwenye kijani alifika kabla ya mwenye nyekundu." Jibu linakuwa 1, na wengi wangechapisha hapo hapo. Ila angalia kilichotokea. Kidokezo hicho kikiungana na cha 3 kinazipanga rangi zote nne kwenye mstari mmoja: kijani, nyekundu, bluu, njano. Daudi anakuwa wa tatu bila jasho. Bakari na Asha, ambao lazima wafuatane, hawana pa kukaa ila nafasi ya kwanza na ya pili. Chiku anabaki wa mwisho bila mtu kumuuliza. Kidokezo cha 2 hakina tena kazi. Ukikifuta, jibu halibadiliki. Fumbo limepona ugonjwa mmoja, lakini njia ya kulitatua imekuwa fupi mno na imepoteza utamu.

Badala yake weka cha 4 kiwe: "Bakari hakuvaa nyekundu." Jibu ni lilelile, ila sasa kila kidokezo kinabeba mzigo. Ukifuta cha 4 majibu yanakuwa 2. Ukifuta cha 2 yanakuwa 3, kwa sababu unafunguka mpangilio wa Chiku, Daudi, Bakari, Asha, ambamo Chiku anachukua nyekundu huku Bakari na Asha wakiweza kubadilishana kijani na njano. Ukifuta cha 1 au cha 3, milango inafunguka mingi. Hiki ndicho kipimo ninachomshauri kila mtunzi: ziba kidokezo kimoja kwa kidole, tatua upya kana kwamba hakijaandikwa, kisha nenda kwa kinachofuata. Kidokezo ambacho kutokuwepo kwake hakubadilishi chochote ni mzigo, isipokuwa umekiacha makusudi ili anayeanza apate pa kushika. Kwa mafumbo ya wanaoanza ningekiacha kimoja cha aina hiyo, si zaidi.

Baada ya hesabu huja maneno, na maneno ndiyo yanayoharibu mafumbo mengi yaliyokuwa sahihi kichwani mwa mtunzi. "Asha alifika baada ya Bakari" haisemi kama kulikuwa na mtu kati yao. Ndiyo maana kidokezo cha 1 hapo juu kimeongezewa mkia. "Rafiki wa Asha aliyevaa bluu" haisemi aliyevaa bluu ni Asha au rafiki yake. Vunja sentensi iwe mbili. "Wote hawakuvaa nyekundu" wengine wataisoma kuwa hakuna hata mmoja aliyeivaa, wengine kuwa wapo ambao hawakuivaa. Andika "hakuna aliyevaa" au "angalau mmoja hakuvaa". "Namba kati ya 3 na 7" inaacha swali kama 3 na 7 zenyewe zimo. "Chai au kahawa" inaacha swali kama mtu anaweza kunywa vyote viwili. "Kushoto kwa Chiku" ni kushoto kwake yeye aliyekaa au kushoto kwa anayetazama mchoro? Na saa! "Saa 2" isiyotajwa kuwa ni ya asubuhi au ya usiku, kwenye mtandao ambao kila simu inaonyesha 8:00 au 20:00, ni majibu mawili yaliyojificha ndani ya neno moja. Ikiwa fumbo lina muda, sema mwanzoni unahesabu kwa saa zipi, kisha usibadilishe hadi mwisho.

Mfano unaojulikana duniani kote wa madhara ya maneno ni fumbo la siku ya kuzaliwa ya Cheryl, lililotoka kwenye mashindano ya hisabati ya shule huko Singapore na kusambaa mtandaoni Aprili 2015. Cheryl anawapa Albert na Bernard tarehe 10, mojawapo ikiwa ndiyo siku yake ya kuzaliwa: 15, 16 na 19 Mei, 17 na 18 Juni, 14 na 16 Julai, 14, 15 na 17 Agosti. Albert anaambiwa mwezi peke yake, Bernard siku peke yake. Albert anasema hajui tarehe, na anajua kuwa Bernard naye hajui. Bernard anasema mwanzo hakujua, sasa anajua. Albert anasema basi naye sasa anajua.

Ukitunga fumbo la aina hii, hesabu kila sentensi inafuta ngapi. Siku 18 na 19 zimetokea mara moja moja, hivyo Albert anaweza kuwa na hakika kwamba Bernard hajui ikiwa tu mwezi wake si Mei wala Juni. Tarehe 10 zinakuwa 5. Bernard sasa anajua, basi siku yake si 14, maana hiyo imo Julai na Agosti; zinabaki 3. Albert naye anajua, basi mwezi wake una tarehe 1 tu iliyobaki: 16 Julai. Mteremko wa 10, 5, 3, 1 ni safi kabisa, na ndiyo sababu fumbo hili lilipendwa. Hata hivyo wapo waliotetea 17 Agosti kwa nguvu zote, na walikuwa na hoja. Wao walichukulia kwamba ile habari ya Bernard kutojua Albert alipewa tu, hakuipata kwa kufikiri kutokana na mwezi wake. Ukisoma hivyo, zinafutwa 19 Mei na 18 Juni peke yake. Kisha Juni inafutwa kwa kuwa imebaki na tarehe moja na Albert bado hajui. Halafu siku pekee isiyojirudia ni 17. Sentensi moja inayosema "kila mmoja anajua alichoambiwa na anachoweza kukitoa humo kwa kufikiri, hakuna habari nyingine" ingeuzima ubishi ule kabla haujawaka. Mtunzi wa mafumbo ya nani anajua nini asiichape kazi yake bila sentensi hiyo.

Ya wakweli na waongo, ambamo mkweli husema kweli daima na mwongo husema uongo daima, yanahitaji jedwali tu. Wasemaji watatu ni hali 8, wanne ni hali 16. Ziandike zote, usiruke. Waweke watatu kwenye mduara, kila mmoja akisema "anayefuata ni mwongo", utakuta hakuna hali hata moja inayokubali: majibu 0. Waongeze wawe wanne kwenye mduara uleule, majibu yanakuwa 2. Yote mawili yanaonekana mazuri yakiandikwa, na yote mawili hayafai. Turudi kwa wale watatu, ila wa tatu aseme "wale wawili wote ni waongo": jibu linakuwa 1, wa kati akiwa ndiye mkweli pekee. Tofauti ni maneno machache, lakini huwezi kuijua kwa kuitazama.

Wengi huanza utunzi kwa kurekebisha fumbo la zamani, na si vibaya, mradi hesabu irudiwe. Fumbo la sarafu 12, ambamo moja ni bandia na haijulikani kama ni nzito au nyepesi, linatatuliwa kwa kupima mara 3. Uwezekano ni 24 (sarafu 12, kila moja nzito au nyepesi), na mizani yenye matokeo 3 (kushoto kuzito, kulia kuzito, au sawa) ikitumika mara 3 inatoa matokeo 27. Anayedhani analiongezea ugumu kwa kuweka sarafu 14 amelivunja: uwezekano umekuwa 28, na 28 haiingii kwenye 27. Kwa sarafu 13 uwezekano ni 26, unaingia, na bado haiwezekani kusema kila mara kama bandia ni nzito au nyepesi. Utaijua ni ipi tu. Kwa hiyo kuhesabu hivi kunakuonyesha fumbo lisilowezekana, ila hakukuthibitishii linalowezekana. Tena kubadilisha majina si kutunga. Vua majina yote, weka A, B, C. Kama mnyororo wa hoja ni uleule wa fumbo lililokwishachapishwa, fumbo si lako, mtaje mwenye nalo.

Kuhusu sudoku, lile jedwali ambalo kila safumlalo, kila safuwima na kila boksi la 3 kwa 3 hubeba namba 1 hadi 9 bila kurudia, niseme kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo inayochapishwa zaidi na ndiyo watu wanadhani inajitengeneza yenyewe. Ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1979, kampuni ya Nikoli ya Japani ikaikuza miaka ya 1980, na mwaka 2004 Wayne Gould, aliyekuwa jaji Hong Kong, akaipeleka kwenye gazeti la The Times la London pamoja na programu yake ya kuzitengeneza. Tangu hapo zipo njia mbili: ya mkono, ambayo Nikoli imeifanya sifa yake, na ya kompyuta.

Ya kompyuta inaenda hivi. Unajaza jedwali lote la 9 kwa 9 kihalali. Unafuta namba mbili mbili zinazotazamana kupitia katikati: ukifuta safumlalo ya 2, safuwima ya 3, futa na safumlalo ya 8, safuwima ya 7. Kila baada ya kufuta, programu inatafuta majibu, na inasimama ikishapata la pili. Likipatikana la pili, rudisha ulizofuta, jaribu jozi nyingine. Usiote kubakisha namba 16 tu: mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake huko Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku ya namba 16 yenye jibu moja; mwisho ni 17. Wala huna haja ya kukaribia huko, maana uchache wa namba na ugumu ni vitu tofauti. Ipo ya namba 24 inayoteremka yenyewe na ipo ya 30 inayomlaza mtu macho.

Anayetunga kwa mkono ajihadhari na mstatili. Tuseme kwenye jibu lako safumlalo ya 1 ina 4 kwenye safuwima ya 2 na 9 kwenye safuwima ya 7, huku safumlalo ya 2 ikiwa na 9 kwenye safuwima ya 2 na 4 kwenye safuwima ya 7. Visanduku hivyo vinne viko ndani ya maboksi mawili tu. Badilisha 4 ziwe 9 na 9 ziwe 4: safumlalo, safuwima na maboksi yote yanabaki halali. Kwa hiyo angalau kimoja kati ya vinne lazima kichapwe kikiwa na namba yake, la sivyo majibu ni 2 hata vingine vyote vijazwe. Pekua jibu lako kutafuta mistatili ya namna hii kabla hujaanza kufuta, uiwekee alama.

Jibu kuwa moja hakutoshi. Programu huthibitisha upekee kwa kubahatisha na kurudi nyuma mara maelfu, jambo ambalo msomaji hawezi kulifanya na hapaswi kulazimishwa. Tatua mwenyewe hatua kwa hatua, na kila hatua andika sababu yake kwa sentensi moja. Ukifika mahali sentensi inakuwa "tujaribu 5 tuone", na hakuna njia nyingine, fumbo limekwama kwa binadamu. Ongeza kidokezo hapo au tupa. Ugumu wa kweli unapimwa kwa mambo mawili: hatua ngumu kuliko zote ni ipi, na ni mara ngapi msomaji hana pengine pa kuendelea ila mahali pamoja. Ninayempenda mtunzi ni yule anayeweka mlango mmoja mgumu katikati, kisha akauacha uwanja ufunguke.

Programu za akili mnemba nazo sasa zinaombwa zitunge. Zinatoa mafumbo yenye sura nzuri, pamoja na maelezo ya jibu yanayosomeka kwa ujasiri wote, na mara nyingine ukikagua unakuta majibu mawili au hakuna. Chochote kinachotoka huko kipitie mizani ileile.

Kisha wape watu. Watatu wanatosha kuanzia, mmoja wao awe hajawahi kukutana na aina hiyo ya fumbo. Usiwaeleze chochote zaidi ya kilichoandikwa, na ukiwa karibu nyamaza. Waombe waandike waliposimama, walichofuta, na sentensi waliyoirudia kuisoma. Wawili wakikwama kwenye sentensi moja, sentensi hiyo ibadilishwe hata kama kwako iko wazi. Mmoja akileta jibu tofauti, usikimbilie kumwambia "hapana, nilimaanisha hivi". Chukua jibu lake, lipitishe kwenye kila kidokezo. Likipita, amekuokoa.

Skrini nayo ina masharti yake. Fumbo la makundi 5 yenye vitu 5 linahitaji jedwali la maboksi 10 ya visanduku 25, boksi moja kwa kila jozi ya makundi, jumla 250, na kwenye simu hakuna kidole kitakachogusa sawasawa. Makundi 4 ya vitu 4 ni visanduku 96, yanavumilika. Vidokezo viandikwe kwa maandishi ya kawaida, visifungiwe ndani ya picha, maana picha ikikuzwa inafifia na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Rangi ziambatane na herufi: kati ya wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya takriban 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, ambazo ndizo watunzi wanazipenda kuliko zote. Kitufe cha kukagua kikague jibu zima kwa pamoja. Kikiweka alama ya kosa kwa kila kisanduku papo hapo, kwenye fumbo la chaguo 4 msomaji anahitaji kukosea mara 3 tu ili ajue, na mantiki yako yote imekufa. Msaada utolewe kwa ngazi: kwanza mahali pa kutazama, kisha kidokezo kinachohusika, mwisho hatua yenyewe. Na tafadhali, jina la faili la picha lisibebe jibu.

Jibu linapotolewa, itolewe njia nzima. Jedwali lililojazwa halimsaidii aliyekwama. Anachotaka kujua ni hatua gani hakuiona.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako wanaopokea mafumbo ya kuweka kwenye kurasa zao za mtandaoni, ni hili: msipokee fumbo bila karatasi tatu, yaani jibu, njia ya kulifikia yenye sababu ya kila hatua, na maelezo ya nani amelijaribu na alikwama wapi. Kosa likigundulika baada ya kuchapisha, lisifutwe usiku. Liachwe lionekane, liandikwe "toleo la 2", tarehe, kidokezo kilichobadilishwa na kwa nini, na wote walioleta jibu la pili lililotimiza vidokezo vya toleo la kwanza wahesabiwe kuwa wamepata.

Wako,
Mtunzi na mkaguzi wa mafumbo ya mantiki